Suti kwenye usaili: ni lazima au ni mazoea tu?

#1 Mpiga Pasi
Wakuu, salaam. Natupa jiwe gizani: suti kwenye usaili imebaki mazoea tu. Suruali ya kitambaa iliyonyooshwa, shati jeupe linalokaa vizuri shingoni, mkanda na viatu vya rangi moja, soksi ndefu. Hapo mtu ameshavaa kwa kazi nyingi za ofisini. Suti isiyomkaa inamharibia zaidi ya shati lililomkaa. Anayepinga alete sababu, asilete "ndivyo inavyotakiwa".

#2 Bi Bitana
Nusu nakuunga mkono. Ila "haijamkaa" si hukumu ya mwisho, inategemea haijamkaa wapi. Naongea kama fundi.

Anza na bega. Mshono unaounganisha mkono na mwili wa koti unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukizidi nje, chini ya bega panabonyea. Ukiwa ndani, kitambaa kinavutana mpaka shingoni. Kurekebisha bega ni kubomoa mkono, pedi na bitana, kisha kuvijenga upya. Fundi akikwambia atakumalizia hiyo kazi kesho asubuhi, chukua koti lako uondoke.

Kiuno ni rahisi zaidi. Kupunguza hakuna shida. Kupanua kunategemea akiba ya kitambaa ndani ya mshono, kwa hiyo geuza suruali upime mshono wa nyuma kabla hujanunua au kuazima. Mara nyingi utakuta sentimita 2 hadi 4. Na angalia kama kitambaa kilichojificha ndani kina rangi ileile ya nje. Suti iliyopigwa jua miaka mingi ukiipanua inatoa mstari mweusi mgongoni.

Mikono ya koti inafupishika kama vifungo vyake ni vya pambo. Kama matundu yamekatwa kweli, ukifupisha kutokea chini tundu la mwisho linakuja ukingoni kabisa. Inabidi ufupishie begani, na tumesharudi kwenye kazi ngumu. Kipimo: umesimama, mikono umeilegeza, shati litokeze nje ya koti sentimita 1 hadi 1.5.

#3 Meza ya Usaili
Asante Bi Bitana. Mimi nakaa upande wa wanaouliza maswali, na kanuni tunayowapa watu ni moja: hatua moja juu ya wanavyovaa wafanyakazi wa pale siku ya kawaida. Sehemu wanayovaa fulana na jinzi, wewe vaa suruali ya kitambaa na shati lenye kola. Wanapovaa shati na suruali ya kitambaa, ongeza koti, tai si lazima. Wanapovaa koti, njoo na suti na tai. Wanapovaa suti tayari, vaa kama wao, hakuna hatua ya juu yake labda uje na joho.

Utajuaje wanavaaje? Tazama picha zao za kazini, si za sherehe ya mwisho wa mwaka. Bora zaidi, aliyekupigia simu kukuita muulize: "Kuna utaratibu wowote wa mavazi siku hiyo?" Swali hilo halimpunguzii mtu alama. Sijui kwa nini watu wanaliogopa.

#4 Kifungo cha Juu
"Labda uje na joho" 😂😂 Kuna mtu atasoma hapo na kuazima.

#5 Nyuzi za Msalaba
Mpiga Pasi umesahau mtego wa "koti na suruali nyeusi" zilizonunuliwa mbalimbali. Nyeusi hazifanani. Vitambaa viwili vinaweza kuonekana sawa kabisa chini ya taa ya dukani, ukatoka juani kimoja kikawa na wekundu na kingine ubuluu, kwa sababu vimetiwa rangi za aina tofauti na kila moja inarudisha mwanga kwa namna yake. Vilinganishe mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Visipolingana achana na kujifanya suti: koti la bluu iliyokoza na suruali ya kijivu ni mavazi kamili, hakuna atakayeuliza suruali yake iko wapi. Koti jeusi na suruali nyeusi isiyo yake inaonekana kosa.

Ukaguzi huohuo wa mlangoni ufanyie soksi. Bluu na nyeusi asubuhi kwenye taa ya chumbani ni ndugu.

#6 Kiwi Nyeusi
Mnashona makoti huko juu, viatu vimeguswa na mstari mmoja tu wa #1. Viatu vipya visianze kazi siku ya usaili. Ngozi ngumu inakata nyuma ya kisigino ndani ya nusu saa, na mtu anayechechemea anaonekana mgonjwa au mwoga. Vivae nyumbani na soksi zilezile za siku ya usaili, saa moja moja kwa siku kadhaa.

Kupaka: vumbi kwanza, kwa brashi kavu, na utoe kamba. Ukipaka kiwi juu ya vumbi unasugua mchanga kwenye ngozi. Paka kidogo kwa kitambaa, kwa mizunguko midogo, acha dakika 10 mpaka 15 ikauke, halafu brashi. Wengi wanapaka nyingi, wanasugua papo hapo, kiatu kinang'aa dakika tano kisha kinanata vumbi lote la njiani. Ukingo wa soli usiusahau. Na fanya usiku, maana kiwi ya asubuhi inahamia kwenye pindo la suruali ya rangi nyepesi.

Kisigino kilicholika upande mmoja hakifichwi na kiwi. Anayekaa nyuma yako ngazini anakiona.

#7 Pindo
Ukiongelea viatu ongeza hili: kiatu kilichohifadhiwa kabatini miaka kadhaa kikisubiri "siku maalumu". Soli nyingi laini na nyepesi ni za poliyurethani, na hiyo inaoza yenyewe kwa unyevu wa hewa hata bila kuvaliwa. Kwa macho kiatu ni kipya. Unatembea hatua mia mbili, soli inamegeka vipande kwenye sakafu ya mapokezi. Ikunje soli kwa mikono siku kadhaa kabla na uibonyeze kwa ukucha. Ikiacha shimo au unga, hicho kiatu kimekwisha. Gundi haisaidii, haina cha kushika.

#8 Mwanafunzi wa Nafsi
Narudi kwenye swali la kwa nini nguo zina maana, kabla hatujawa uzi wa mafundi viatu. Mwaka 2012 Hajo Adam na Adam Galinsky walichapisha utafiti wa koti jeupe: waliovaa koti wakiambiwa ni la daktari walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya umakini kuliko walioambiwa koti hilohilo ni la mchoraji. Hoja yao ni kwamba nguo inambadilisha aliyeivaa. Kwa hiyo Mpiga Pasi, suti si ya wasaili tu, ni ya kichwa chako pia.

#9 Meza ya Usaili
Mwanafunzi wa Nafsi, hapo twende polepole. Mwaka 2019 kundi jingine lilirudia sehemu ya utafiti huo kwa watu wengi zaidi, na matokeo hayakujirudia. Haina maana kwamba nguo haigusi nafsi ya mvaaji, ila ushahidi huo usiupe uzito wa suti nzima.

Ulio na uzito zaidi kidogo ni utafiti wa 2020, wa Oh, Shafir na Todorov. Watu walionyeshwa picha za nyuso, sehemu ya nguo ikionekana chini ya kidevu. Uso uleule ukiwa na nguo zinazoonekana za mwenye uwezo ulihukumiwa kuwa wa mtu mwenye ujuzi zaidi, hata waamuzi walipoambiwa wapuuze nguo, hata picha ilipopita kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo mimi nasema nguo inafanya kazi kwenye macho ya anayetazama.

#10 Pini
Wote wawili mnaifanya nguo iwe uchawi. Kazi ya nguo kwenye usaili ni kutokuwepo. Msaili ana dakika 30 na karatasi ya alama. Kila kitu kinachomvuta macho au masikio (bangili zinazogonga meza, kifungo kinachotaka kukatika, manukato yaliyotangulia kuingia, tai yenye vikaragosi) kinakula sekunde za jibu lako. Vaa kitu ambacho akiulizwa jioni ulivaa nini, hakumbuki.

#11 Kifungo cha Juu
Pini hapo umepitiliza. Kuna kazi za ubunifu, mitindo, mapambo, ambako wakisahau ulichovaa umeshashindwa. Huko nguo ni sehemu ya kazi zako unazoonyesha.

#12 Pini
Hata huko kitu kimoja tu kiongee. Miwani, au viatu, au kitambaa cha kichwani. Vyote vikiongea pamoja ni kelele.

#13 Sindano Saba
Wanaume mmejaa humu, suti na tai tangu asubuhi. Niseme ya kina dada.

Sketi na gauni hazipimwi umesimama. Weka kiti mbele ya kioo, kaa, egemea, kunja mguu, inama kuokota kalamu. Sketi inayofika gotini ukisimama itapanda kwa upana wa kiganja au zaidi ukikaa, hasa iliyobana. Mpasuo wa nyuma uangalie unafika wapi ukiwa umekaa, na kama sketi mpya bado ina nyuzi za msalaba zilizofunga mpasuo (ndiyo, @Nyuzi za Msalaba, umetajwa), zikate. Zimewekwa ili mpasuo usijikunje kwenye usafirishaji, hazikuwekwa zivaliwe. Makoti ya kiume pia yanazo, pamoja na kile kitambaa cha lebo mkononi.

Blauzi ya vifungo: inayopasuka kifuani ukivuta mabega nyuma haitatulia kwa kuongeza pini juu ya kifungo, pini inavuta kitambaa upande mwingine. Shona kishikizo kidogo kwa ndani katikati ya vifungo viwili, au chukua saizi ya kifua chako na kiuno akipunguze fundi.

Visigino: sentimita 3 hadi 5 zinatosha, upana wa chini uwe wa kusimama. Kile kipande cha mpira chini ya kisigino kikilika, msumari unatokeza na kila hatua inagonga sakafu ya vigae kama nyundo. Kinabadilishwa kwa muda mfupi, fundi viatu yeyote anakijua.

Sketi inayonata kwenye miguu hewa ikiwa kavu: ni umeme tuli, hasa poliyesta. Paka losheni miguuni au bandika pini ndogo ya chuma kwa ndani, kwenye mshono wa pindo.

#14 Bi Bitana
Sindano Saba kasema kweli yote, niongeze kwa wanaovaa hijabu: kitambaa cha kuteleza kiwekewe kofia ya ndani ya pamba, na pini ziwe mahali ambapo kichwa kikigeuka kulia na kushoto hakizivuti. Usaili wa jopo unakugeuza shingo sana.

#15 Kamera Mbili
Mpaka sasa hakuna aliyegusa usaili wa mtandaoni. Mistari myembamba na miraba midogo inacheza kwenye kamera, inatoa mawimbi ya rangi ambayo kwenye kitambaa hayapo, kwa sababu upana wa mistari unakaribiana na mpangilio wa vitambuzi vya kamera. Vaa rangi moja. Nyeupe tupu inaifanya kamera ipunguze mwanga, uso unakuwa giza. Nyeusi tupu inakula umbo la mabega. Bluu ya wastani, kijani iliyokoza, zambarau ya zabibu zinakaa vizuri. Kijani uiepuke tu ukitumia mandhari ya bandia, utabaki kichwa kinachoelea.

#16 Nyuzi za Msalaba
Kamera Mbili, hilo la kichwa kuelea ni kwa anayeweka kitambaa cha kijani nyuma yake na kuiambia programu ifute kijani. Programu za mikutano za siku hizi zinatafuta umbo la mtu, hazitafuti rangi. Zinachokosea ni ukingo: nywele zilizotawanyika, hereni kubwa, nguo inayofanana na ukuta wa nyuma.

#17 Kamera Mbili
Sahihi, nashukuru. Ila la suruali silegezi: vaa. Wakikwambia ulete cheti karibu na kamera, utasimama.

#18 Spana
Nyote ni watu wa ofisini. Karakana, kiwanda, ujenzi: usaili wa pale mara nyingi una jaribio la vitendo na hapo tai ni hatari. Kitu chochote kinachoning'inia karibu na mashine inayozunguka kinavutwa: tai, mkufu, mkono mpana wa shati, hata pete. Kazi ya kuchomelea hutakiwi kuvaa poliyesta wala nailoni, cheche inaziyeyusha na kuzigandisha kwenye ngozi. Vaa pamba nzito, mikono mirefu iliyofungwa, suruali isiyokunjwa chini, kwa sababu mkunjo unadaka cheche. Viatu vya kufunika mguu, soli isiyoteleza.

Kanuni ya #3 ya hatua moja juu huku tunaitimiza kwa usafi: ovaroli au suruali ya kazi iliyofuliwa na kupigwa pasi, vifungo vyote vipo, kucha fupi. Ukija na suti utaulizwa kama umekuja kukagua hesabu.

#19 Mpiga Pasi
Spana umeniokoa. Mnaona? Suti si lazima.

#20 Meza ya Usaili
Mpiga Pasi, umeokolewa karakanani tu. Ofisi ya sheria bado inakusubiri.

#21 Jasho Baridi
Swali la haraka: madoa ya njano kwapani kwenye shati jeupe yanatokaje? Nimeloweka kwenye dawa ya kung'arisha, yamezidi.

#22 Sindano Saba
Ndiyo yanavyofanya. Njano ile inatokana na jasho kukutana na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa ya kuzuia jasho, na dawa ya kung'arisha yenye klorini inaikoleza. Loweka saa moja kwenye maji ya vuguvugu yenye siki nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, sugua kwa sabuni ya maji, suuza, fua kawaida. Siki na ile dawa ya klorini zisikutane kwenye beseni moja, zinatoa gesi ya sumu. Suuza shati sana kwanza. Na usilipige pasi kabla doa halijatoka, joto linalifunga.

Kinga: dawa ya kuzuia jasho inafanya kazi vizuri ikipakwa usiku kwenye ngozi kavu. Ya asubuhi unaipaka jasho limeshaanza, nusu inaishia kwenye shati. Chini ya shati jeupe vaa fulana ya rangi inayokaribia ngozi yako. Nyeupe ndani ya nyeupe inachora mikono na shingo yake yote.

#23 Mpiga Pasi
Sasa mmefika kwangu. Tazama lebo ya nguo: alama ya pasi yenye nukta moja ni mwisho nyuzi 110 za sentigredi, mbili ni 150, tatu ni 200. Pamba inavumilia tatu, poliyesta kaa kwenye moja au mbili. Suti nyingi zilizoharibika zimeharibiwa na pasi: kitambaa kinang'aa kwenye mapaja, makalio na viwiko kwa sababu nyuzi zimelazwa na joto. Weka kitambaa chembamba cha pamba chenye unyevu juu ya suti, bonyeza na kuinua, usiburute.

Shati anza na kola, kutoka ncha kuelekea katikati, la sivyo mikunjo inajikusanya kwenye ncha ambako kila mtu anaona. Kisha mikono, mabega, mwisho mwili. Litundike dakika 15 kabla ya kulivaa. Shati la moto likivaliwa linajikunja upya palepale mgongoni.

Kitani usikipigie pasi kabisa kwa ajili ya usaili. Kimekunjamana kabla hujafika.

#24 Bi Bitana
Na kifua cha koti. Makoti mengi ya siku hizi ndani yake kuna kitambaa cha kuimarisha kilichobandikwa kwa gundi. Pasi kali au kufua kwa maji kunaachisha gundi, kifua kinatoa mapovu yasiyorudi. Pima hivi: shika kitambaa cha nje kwa vidole viwili kati ya matundu ya vifungo, na cha ndani kwa mkono mwingine, vitenganishe taratibu. Ukihisi tabaka la tatu linaelea katikati, limeshonwa. Usipolihisi, lina gundi. Litunze kwa mvuke wa mbali.

#25 Kifungo cha Juu
Maadamu tupo kwenye makoti: kifungo cha chini kiachwe wazi. Inasimuliwa kwamba Edward VII wa Uingereza alinenepa akaacha chake wazi, wote wakamwiga.

#26 Bi Bitana
Ya mfalme tuwaachie wasimuliaji. Koti la vifungo viwili leo linakatwa ukingo wa chini ukiachana kutoka kifungo cha juu. Ukifunga vyote viwili linavutana kiunoni na kutoa mikunjo ya X. Vifungo vitatu: funga cha katikati. Ukikaa fungua, ukisimama kupeana mikono funga.

#27 Pini
Na tai iishie wapi? Naona watu wengine inafika nusu ya tumbo.

#28 Nyuzi za Msalaba
Ncha iguse bizimu ya mkanda. Tai ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 145 hadi 150. Mrefu au mwenye shingo nene atumie fundo dogo la mzunguko mmoja, maana fundo kubwa la pande mbili linakula urefu. Shingoni vidole viwili vipite kati ya kola na ngozi. Vikigoma, badilisha shati. Ukiacha kifungo cha juu wazi na kukifunika kwa tai, fundo linateleza ndani ya dakika kumi.

#29 Jasho Baridi
Tai bila koti inaruhusiwa?

#30 Meza ya Usaili
Mikono mirefu, ndiyo. Mikono mifupi, hapana.

#31 Spana
Mikono mifupi na tai kuna ubaya gani? Kwenye joto kali ndiyo busara, na wahandisi wengi wanavaa hivyo.

#32 Kifungo cha Juu
Wanavaa wakiwa wameshaajiriwa, mzee.

#33 Spana
Basi kunja mikono mirefu baada ya barua ya ajira. Kabla ya hapo, lowa jasho kwa heshima.